Kufunga dishi la setilaiti majira ya baridi: dalili, vyanzo na maandalizi

Picha ikikatika wakati wa baridi, wengi hutazama theluji iliyolala juu ya dishi. Mara nyingi theluji haina kosa. Chanzo ni kazi ya siku ya kufunga: kebo iliyokunjwa ikiwa imekakamaa, zege lililoganda kabla halijakaza, konekta iliyofungwa na vidole vilivyokufa ganzi ikabaki na mwanya. Baridi huyaficha makosa haya kwa wiki kadhaa. Udongo ulioganda huishika hata nguzo isiyo na msingi wa maana, na maji yaliyoganda ndani ya konekta huleta usumbufu mdogo kuliko maji yale yale yakiwa yameyeyuka. Joto likipanda ndipo mambo yanapofumuka.

Kwa hiyo kabla ya kushika spana, uliza mawimbi yalikatika lini na nje kulikuwaje. Yakikatika theluji nzito inapoanguka, tazama uso wa dishi na kifuniko cha LNB, yaani kipokezi kilicho kwenye mkono mbele ya dishi. Yakikatika siku ya kwanza ya jua baada ya theluji, kagua konekta. Yakipotea alfajiri na kurudi mchana, shuku LNB au mkazo wa konekta. Yakipungua pole pole kwa wiki nyingi, pima nguzo. Yakiisha majani yanapochipua, hakuna kilichoharibika. Dishi liliwekwa mahali pabaya tangu mwanzo.

Eneo lilichaguliwa miti ikiwa mitupu

Hili ndilo kosa la majira ya baridi lenye gharama kubwa kuliko yote, kwa sababu kulirekebisha ni kuhamisha dishi zima. Mti uliopukutisha majani huacha mawimbi yapite kati ya matawi, kwa hiyo kipimo husoma vizuri na kila mtu huridhika. Majani yakirudi, hasa yakiwa yamelowa mvua, huyafyonza mawimbi ya gigahezi 10 hadi 12 karibu yote. Miti isiyopukutisha, kama misunobari, ina hila yake: tawi lililobeba theluji huinama na kuingia kwenye njia ambayo jana ilikuwa wazi.

Hesabu njia kwa pembe, usitegemee macho. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, ndivyo setilaiti inavyoonekana chini zaidi angani. Penye latitudo ya digrii 50, setilaiti iliyo kwenye longitudo yako ina mwinuko wa takriban digrii 33. Penye digrii 60 ni kama 22. Penye 65 hazifiki 17. Setilaiti iliyo mashariki au magharibi ya longitudo yako huwa chini zaidi ya hapo. Kwa mwinuko wa digrii 22, kizuizi kilicho mita 10 mbele ya dishi kisizidi mita 4 juu ya usawa wa dishi, na kilicho mita 30 kisizidi mita 12. Ongeza nafasi ya mti kukua na ya matawi kuinama. Kama njia inapita kwenye matawi matupu, hesabu kwamba imefungwa.

Ukitumia dira kutafuta mwelekeo, kumbuka kwamba inaonyesha kaskazini ya sumaku. Rekebisha kwa tofauti ya eneo lako. Simama hatua kadhaa mbali na nguzo ya chuma na magari. Kwenye nusu ya kaskazini ya dunia dishi huelekea upande wa kusini, na kwenye nusu ya kusini huelekea kaskazini.

Halafu angalia juu. Dishi lililo chini ya upenu wa paa la bati litapigwa na theluji itakayoteleza na vijiti vya barafu vitakavyoanguka, na pigo moja linatosha kupinda mkono wa LNB. Angalia chini pia: ukingo wa chini wa dishi uwe juu ya kina cha theluji inayotarajiwa, ukihesabu na pale upepo unapoirundika ukutani. Mahali pazuri kuliko pote ni ukuta usio na upenu mkubwa juu yake, mita 2 hadi 2.5 kutoka ardhini, ambapo brashi yenye mpini mrefu inafika bila ngazi.

Kama dishi halina budi kukaa juu ya paa na paa lina theluji au barafu, ahirisha kazi. Ngazi nayo isisimamishwe juu ya barafu. Fukua hadi ardhi ngumu, na isimame kwa uwiano wa mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za urefu.

Ganda la kebo limepasuka au lina kona kali

Ganda la PVC hukakamaa kwenye baridi. Watengenezaji wengi hawaruhusu kebo ya PVC kulazwa joto likiwa chini ya nyuzi 0, na wengine huweka mpaka kwenye nyuzi 5. Ganda jeusi la polithini, linalotengenezwa kwa matumizi ya nje, huvumilia baridi kali zaidi. Namba halisi imo kwenye karatasi ya maelezo ya kebo. Itafute kabla ya kununua, si baada ya kusikia ganda likilia ufa.

Hata kebo nzuri iandaliwe. Iache kwenye chumba chenye joto siku nzima kabla ya kazi na uitoe nje tundu likiwa limeshatobolewa na njia imeshapangwa. RG-6, kebo ya kawaida ya dishi, ina unene wa karibu milimita 7, kwa hiyo mzingo wowote usiwe na nusu kipenyo kilicho chini ya sentimita 7, yaani mara kumi ya unene wake. Kona kali hubana povu jeupe linalozunguka waya wa kati, umbali kati ya waya na wavu wa chuma unaolizunguka povu hubadilika, na ukinzani wa ohmu 75 huvurugika mahali hapo. Mawimbi hurudi nyuma, na yanayoumia zaidi ni ya masafa ya juu. Kuinyoosha tena hakuliponyi povu. Kipande hicho kikatwe.

Kata kebo yenye urefu wa njia yote, uongeze mita 1 upande wa dishi, mita 1 ndani ya nyumba, na asilimia 10 kwa makosa. Usiunganishe vipande viwili nje ili kuokoa mita chache. Kila kiungo ni mlango wa maji. Vifungo vya nailoni pia hukatika vikivutwa kwenye baridi kali, kwa hiyo viweke kwenye mfuko wa ndani wa koti na ufunge kila sentimita 50 bila kubana mpaka ganda libonyee.

Konekta: ifanyie kazi mezani, ndani ya nyumba

Konekta ya upande wa dishi ifungwe kwenye meza yenye mwanga na joto. Kisha upitishe ncha nyingine, isiyo na konekta, kutoka nje kwenda ndani. Kwa njia hiyo tundu la milimita 8 hadi 10 linatosha. Toboa kwa mteremko wa kuelekea nje, upande wa ndani ukiwa juu kidogo, na uiache kebo ining'inie sentimita 10 hadi 15 chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, ili maji yadondoke pale na yasifuate kebo hadi ndani.

Utaratibu wa konekta ya kubana:

1. Menya waya wa kati milimita 6 hadi 7, kisha umenye ganda la nje milimita 6 nyingine huku ukiacha wavu.
2. Rudisha wavu nyuma juu ya ganda. Karatasi ya alumini iliyogandamana na povu ibaki mahali pake. Hakikisha hakuna hata unyuzi mmoja unaogusa waya wa kati. Unyuzi mmoja tu huleta shoti, na king'amuzi kitakata umeme wa LNB.
3. Sukuma konekta mpaka povu jeupe lifike usawa wa sakafu ya ndani ya konekta.
4. Bana kwa koleo lake. Waya wa kati utokeze milimita 1 hadi 2 nje ya ukingo.
5. Penye LNB, kaza kwa vidole mpaka ifike mwisho, halafu robo mzunguko kwa spana ya milimita 11.

Hatua ya tano ndiyo inayoharibiwa na glavu. Konekta inaonekana imefika, kumbe bado ina nusu mzunguko wa kukazwa. Inafanya kazi siku hiyo, lakini usiku wa baridi kali chuma husinyaa na mguso hupotea.

Tepu haishiki, silikoni haikauki

Tepu ya kawaida ya umeme inategemea gundi, na gundi hiyo hushindwa kwenye baridi. Hata ikionekana imeshika, huanza kufunguka baridi ikipungua. Tumia tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe, iliyohifadhiwa mfukoni mwa koti. Ivute mpaka karibu mara mbili ya urefu wake, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, na uanze chini kwenye kebo ukipanda kuelekea LNB ili maji yanayoshuka yasipate mshono wa kuingilia. Kausha konekta kwanza. Ukifunga tepu juu ya jalidi, umefungia maji ndani.

Silikoni inahitaji uso mkavu usio na jalidi, na nyingi hudai joto la nyuzi 5 kwenda juu. Epuka ile yenye harufu ya siki, maana asidi yake hula shaba. Chini ya nyuzi 5, ziba tundu la ukutani kwa mastiki ya butili na urudi na silikoni hali ikiruhusu.

Vifaa vingine kwa kifupi: betri za lithiamu hupoteza sehemu kubwa ya uwezo kwenye baridi na hazipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, kwa hiyo beba ya akiba ikiwa imepata joto. Skrini ya kipimo cha mawimbi huchelewa kubadilika, nawe unaweza kulipita lengo ukidhani bado. Zungusha dishi kidogo, subiri, soma, kisha endelea. King'amuzi kilichosafiri kwenye gari lenye baridi kiachwe saa kadhaa kwenye joto la chumba kabla ya kukiwasha, kwa sababu unyevu hutanda juu ya saketi baridi kikiingizwa ndani.

Punguza muda wa kukaa nje. LNB ifungwe kwenye mkono wake ndani ya nyumba, mwinuko uwekwe kwa kipimo kilicho kwenye stendi, LNB izungushwe kwa pembe iliyokokotolewa, na king'amuzi kiwe kimeshawekewa aina ya LNB. Kwa LNB ya kawaida ya bendi ya Ku yenye masafa ya gigahezi 10.7 hadi 12.75, namba za kuweka kwenye king'amuzi ni megahezi 9750 na 10600. Nje ibaki kuinua, kufunga, kuzungusha na kukaza. Mchana wa majira ya baridi ni mfupi, na kulenga dishi gizani kwa tochi ni kualika makosa.

Mawimbi yanapungua wiki hadi wiki: nguzo inasogea

Dishi halihitaji kusogea sana. Dishi la sentimita 80 kwenye gigahezi 12 lina boriti, yaani mwale wa upokeaji, yenye upana wa takriban digrii 2.2, likikosea kwa digrii 1.1 tu, nusu ya nguvu imekwenda. Dishi la sentimita 120 ni kali zaidi, boriti yake haifiki digrii 1.5. Nguzo ya mita 1.5 ikiinama digrii 1, kichwa chake kimesogea sentimita 2.6. Kwa macho hutaona kitu.

Chanzo cha kawaida ni udongo unaoganda. Maji yaliyo ardhini huvutwa kuelekea tabaka linaloganda, yakajenga barafu, na barafu hiyo huinua chochote kilichokaa ndani ya tabaka hilo. Haiinui sawasawa, hivyo nguzo huinama. Barafu ikiyeyuka udongo hulegea, na nguzo hairudi ilipokuwa. Dawa ni moja: kitako cha msingi kiwe chini ya kina cha mgando cha eneo lako. Kina hicho ni sentimita chache mahali pengine, na kwingine hupita mita 1.5, ofisi inayotoa vibali vya ujenzi huwa nacho. Weka kokoto chini ya zege ili maji yatoke, na usiache zege litanuke juu kama uyoga, kwa sababu barafu hushika ukingo huo na kuuinua.

Zege lenyewe halipaswi kuganda katika siku zake za mwanzo. Maji yakiganda kabla saruji haijashika, hutanuka na kuacha mianya, na nguvu iliyopotea hairudi hata joto likija. Usimwage juu ya udongo ulioganda. Kama joto litashuka chini ya nyuzi 5, changanya kwa maji ya vuguvugu, funika kwa blanketi za kuhifadhi joto, na usifunge dishi mpaka zege likaze. Kwenye baridi hilo huchukua muda mrefu kuliko ilivyozoeleka. Na kama ardhi imeshaganda kabisa, acha nguzo ya ardhini hadi baridi iishe. Ukuta au stendi yenye uzito itakufaa kwa sasa.

Stendi yenye uzito, isiyotobolewa popote, watu huipakia kidogo mno. Hesabu yake ni hii: upepo wa mita 30 kwa sekunde hulisukuma dishi la sentimita 80 kwa nguvu ya karibu newtoni 350. Katikati ya dishi ikiwa mita 1 juu na kitako kikiwa na upana wa mita 1, unahitaji kama kilo 70 ili tu isipinduke, na mara mbili yake, yaani kilo 140, ili ulale usingizi. Hayo ni matofali saba ya zege ya kilo 20. Fagia theluji na barafu mpaka kwenye sakafu, tandika mkeka wa mpira, kisha weka stendi. Ikikaa juu ya barafu, haitapinduka. Itateleza, na uzito hautakusaidia.

Ukutani, tumia bolti nne za kutanuka za M10 ndani ya tofali gumu, mbali na viungo vya udongo wa saruji. Puliza vumbi na jalidi nje ya tundu kabla ya kupigilia. Bolti za gundi ya kemikali hukaza polepole sana kwenye baridi, na baadhi hazikazi kabisa. Muda kwa kila joto umeandikwa kwenye kopo, nao uheshimiwe.

Popote inaposimama, nguzo ipimwe kwa pimamaji pande mbili zilizo kwenye pembe ya mraba. Ikiwa imeinama, kipimo cha mwinuko kwenye stendi kitakudanganya, na ukizungusha dishi kulia au kushoto mwinuko nao utabadilika. Baada ya kulenga, chora mstari kwa kalamu ya rangi isiyofutika unaovuka kutoka kwenye stendi hadi kwenye nguzo. Mawimbi yakipungua baadaye, mstari ukiwa bado umenyooka na pimamaji ikionyesha nguzo imeinama, msingi ndio ulioondoka. Mstari ukiwa umekatika, nati zilikuwa legevu.

Mawimbi hayapo kabisa tangu mwanzo

Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi na usome namba mbili pamoja. Nguvu ikiwa sifuri na ubora sifuri, LNB haipati umeme au kebo imekatika au ina shoti. Nguvu ikiwepo na ubora ukiwa sifuri, umeme unafika na LNB iko hai, ila dishi linatazama pengine, limezibwa, au mipangilio si sahihi. Ikiwepo nguvu na ubora ukapatikana lakini chaneli hazifunguki, huenda umelenga setilaiti ya jirani.

Kwa hali ya kwanza, zima king'amuzi, fungua konekta kwenye LNB, kiwashe tena, na upime kwa multimita kati ya waya wa kati na ganda la konekta. Unatarajia takriban volti 13 au 18 kulingana na chaneli iliyochaguliwa. Kusipokuwa na kitu, zima king'amuzi, ng'oa kebo pande zote mbili na upime shoti. Wakati wote, konekta ifungwe na kufunguliwa king'amuzi kikiwa kimezimwa kwenye soketi.

Chaneli za nusu tu zikikosekana, tazama ni zipi. Volti 13 huchagua mawimbi ya wima, 18 huchagua ya mlalo, na toni ya kilohezi 22 huchagua bendi ya juu. Zikikosekana za mlalo peke yake, volti 18 haifiki ikiwa kamili. Hii hutokea kwa kebo ndefu yenye waya wa kati wa chuma kilichopakwa shaba, ambao ukinzani wake ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa shaba tupu, au konekta iliyoanza kutu. Zikikosekana za masafa ya juu, shuku maji na kona: RG-6 hupoteza karibu desibeli 20 kwa mita 100 kwenye megahezi 1000, na karibu 30 kwenye megahezi 2150, kwa hiyo hasara yoyote ya ziada huanza kuonekana huko juu.

Yanakatika theluji inapoanguka

Theluji kavu ya unga, ikiwa angani au imelala kidogo juu ya dishi, hupunguza mawimbi kidogo sana. Theluji yenye maji ni habari nyingine. Hufyonza mawimbi, na ikishika kwa unene usiolingana hubadilisha umbo la dishi, hivyo mawimbi hayakusanyiki mahali LNB ilipo. Mbaya zaidi ni utando wa maji juu ya barafu inayoyeyuka, na ndiyo sababu picha huweza kuwapo usiku kucha na kukatika jua linapopiga.

Anza na kifuniko cha LNB. Ni kidogo, lakini mawimbi yote ya dishi hupitia hapo. Kipande cha theluji yenye maji cha ukubwa wa kiganja hapo kina madhara zaidi kuliko tabaka jembamba kwenye dishi zima.

Safisha kwa brashi laini, ukifagia kutoka juu kwenda chini, bila kuegemea. Usigonge kwa fimbo. Usikwangue kwa chuma, na usimwage maji ya moto. Dishi hupinda au rangi hupasuka, na maji hayo huganda tena kwenye konekta na chini ya miguu yako. Chumvi hula chuma. Barafu iliyoshika kabisa iache iyeyuke yenyewe.

Kwa kuzuia, umbo la dishi lina kazi kubwa kuliko dawa za kupulizia. Dishi lenye LNB pembeni, ambalo pembe yake ya kuchepuka huwa karibu digrii 25, husimama wima kabisa likilenga setilaiti ya mwinuko wa digrii 25, na chini ya hapo huinamia mbele. Theluji haipati pa kukaa. Dishi la LNB katikati hutazama juu na kujaa. Pulizo la silikoni hupunguza kushika kwa muda mfupi, kisha huoshwa. Mahali penye theluji ya maji mara kwa mara, kipashio chenye kidhibiti joto ndicho kinachofanya kazi kweli. Kichaguliwe chenye kipimo cha unyevu pia, ili kisiteketeze umeme kwenye baridi kavu, na kiunganishwe kwenye soketi ya nje yenye swichi ya kukata umeme unaovuja.

Inafaa pia kuchagua dishi kubwa kidogo kuliko kiwango cha chini. Kutoka sentimita 60 hadi 80 kunaongeza takriban desibeli 2.5, na hiyo ni akiba ya siku za theluji. Lakini kadiri dishi linavyokua, ndivyo upepo unavyolisukuma zaidi na boriti inavyozidi kuwa nyembamba. Kuongeza ukubwa bila kuimarisha nguzo ni kubadilisha tatizo moja kwa jingine.

Baadhi ya chaneli hupotea alfajiri na kurudi mchana

Ndani ya LNB kuna kitengeneza masafa, na katika LNB za bei nafuu masafa hayo huhama joto linapobadilika. King'amuzi huweza kufuata kuhama kidogo kwa chaneli zenye mkondo mpana. Zile zenye mkondo mwembamba hupotea kwanza. Ukiona chaneli chache zile zile zinakufa kila kunapokuwa na baridi kali, huku ubora wa nyingine ukiwa mzuri, badilisha LNB uweke ya aina ya PLL, ambayo masafa yake hushikiliwa na kioo cha kwazi. Kabla ya kununua, kaza konekta zote na uangalie tena alfajiri inayofuata, maana mguso uliolegea unaweza kuleta dalili inayofanana.

Waya wa ethi

Udongo ulioganda hupitisha umeme vibaya sana, hivyo fimbo fupi iliyopigiliwa kwenye tabaka la mgando haina faida wakati wa baridi. Unganisha mfumo na ethi kuu ya nyumba. Kiwango cha IEC 60728-11 kinataka waya wa shaba usiopungua milimita mraba 4 kwa kuunganisha ganda la kebo, na milimita mraba 16 kwa nguzo inayohitaji kinga ya radi. Kanuni za mahali zikidai zaidi, fuata hizo.

Yanakatika dakika chache, saa ile ile, siku kadhaa mfululizo

Baridi ikielekea ukingoni huja hitilafu inayowapeleka wengi juu ya ngazi bila sababu. Karibu na ikwinoksi, siku ambayo usiku na mchana hulingana, jua hupita moja kwa moja nyuma ya setilaiti, na kelele zake za redio huyazamisha mawimbi kwa dakika chache kila siku. Kwenye nusu ya kaskazini ya dunia hutokea kabla ya ikwinoksi ya Machi, na tena baada ya ile ya Septemba. Kusini ya dunia mpangilio ni kinyume. Kwenye dishi la LNB katikati, kivuli cha LNB huangukia katikati ya dishi wakati huo. Ukiona hali hii, usiguse nati yoyote: ukihamisha dishi sasa, jua likishapita utakuwa umeharibu mwelekeo uliokuwa sahihi.